Kibo, Lesotho au Atlas: msafiri wa Tanga aifuate theluji wapi, na mwezi gani

Agosti ya mwaka juzi nilipanda Kilimanjaro hadi kwenye vibanda vya Horombo nikiwa na wanafunzi wanne wa hapa Tanga. Aliyetupangia safari alituhakikishia kwamba watoto watashika theluji. Mmoja wao, kijana wa Makorora, alibeba chupa ya chai tupu tangu nyumbani. Bibi yake alimwambia hajapata kuiona theluji maisha yake yote, basi amletee japo kiganja kimoja.

Tulipofika Horombo tukakuta vumbi. Kibo, kilele kikuu cha mlima, kilisimama mbele yetu rangi ya udongo, kipande cha barafu kimeng'ang'ania juu kama shuka iliyosahauliwa kwenye kamba. Alfajiri yule kijana alitoka peke yake, akakwangua sakitu iliyoganda kwenye majani na kwenye ngazi za kibanda, akaitia chupani kwa kijiko. Tuliposhuka hadi vibanda vya chini vya Mandara akaifungua kutazama. Yalikuwa maji, yamefunika kitako cha chupa tu, na unyasi mmoja unaelea.

Iliniuma sana, kwa sababu nilifundisha jiografia miaka mingi na nilipaswa kujua. Agosti Kibo hakina mvua, na mahali pasipo mvua hapana theluji mpya, hata baridi ikiwa ya kuvunja meno.

Sasa mwaka huu mtoto wa kaka yangu kanijia na simu mkononi, picha ya watu wanateleza kwenye theluji huko Lesotho. "Shangazi, twende huku. Mbona pako chini kuliko Kibo na theluji imejaa?" Swali zuri kabisa. Nimeamua kulijibu kwa maandishi, maana si yeye peke yake anayeniuliza. Wapo wanaotaka kuiona theluji kwa macho, wapo wanaotaka kuishika, na wapo wanaotaka kuteleza juu yake. Hayo ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina mlima wake na mwezi wake.

Hesabu ya kuanzia pwani

Simama Raskazone, ufukweni hapa Tanga, siku ya kawaida, joto nyuzi 30. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu. Lushoto, kwenye mita kama 1,400, utakuta nyuzi 21. Horombo, mita 3,720, nyuzi 6. Kibanda cha Kibo, mita 4,720, umefika kwenye sifuri. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni nyuzi 8 chini ya sifuri, na vipimo vilivyowekwa kule juu kwa miaka vimeonyesha wastani unaokaribia sana hesabu hiyo, kama nyuzi 7 chini ya sifuri.

Hesabu hii ndogo inakwambia jambo kubwa. Kwenye Kilimanjaro mstari wa sifuri, yaani urefu ambako joto hufika nyuzi sifuri, huelea karibu na mita 4,700 hadi 5,000 mwaka mzima, kwa sababu tuko karibu na Ikweta na hatuna majira ya baridi kali. Theluji inaweza kushuka chini ya hapo usiku au kwenye dhoruba, mara nyingine hata kwenye mita 4,000, lakini jua likipanda huwa haikai. Anayelala Mandara akitumaini kuamka kwenye weupe anajidanganya, mwezi wowote ule.

Sehemu ya kutelezea ya Lesotho, Afriski, iko kwenye mita 3,222. Ni chini ya Horombo kwa mita 500. Lakini iko mbali kusini, karibu digrii 29 kutoka Ikweta, ambako Juni hadi Agosti ni majira ya baridi ya kweli. Usiku wa Julai huko hushuka chini ya sifuri bila kuhitaji urefu wa Kibo.

Hapo ndipo tofauti yote ilipo. Kibo kina baridi siku zote, kinachokosa ni unyevu. Lesotho majira yake ya baridi ni makavu, na baridi yenyewe ina msimu. Kwa hiyo anayekwenda Kibo afuate mvua, na anayekwenda Lesotho afuate baridi. Utabiri wa huku usiusome kama wa kule.

Kibo: soma mvua, soma upepo

Mtu wa pwani ana faida hapa, maana kalenda ya Kibo ni ileile ya wavuvi wetu. Kusi likianza kuvuma na masika kuingia, kuanzia Machi hadi Mei, mawingu ya baharini hupanda mlima na theluji hushuka kileleni. Vuli ya Oktoba hadi Desemba huleta duru ya pili. Katikati ya kaskazi, Januari na Februari, anga hufunguka na mara nyingi weupe wa vuli bado upo. Kuanzia Julai hadi Septemba ni ukavu, na ndio wakati ambao kampuni nyingi hupandisha watu wengi zaidi kwa kuwa njia ni kavu. Ni kweli njia ni kavu. Na kileleni nako ni pakavu.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akitokea upande wa Mombasa, aliona weupe juu ya mlima akamwuliza mwongozaji wake ni nini. Yule mtu wa pwani akajibu neno moja: baridi. Rebmann akaandika kwamba ni theluji, na wapo wasomi wa London waliomkatalia kwa miaka, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Utazame mwezi: Mei. Masika yalikuwa yamekwisha kukipaka Kibo chokaa. Angepita Septemba, huenda angeona kofia ya barafu tu, ingawa kofia hiyo zamani ilikuwa kubwa mno kuliko ya leo. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilipimwa ikiwa kama kilomita za mraba 12. Kufikia 2007 ilikuwa imebaki chini ya 2.

Barafu na theluji, kwa hiyo, msizichanganye mnapochagua. Barafu ile ya kudumu iko juu kabisa na inaonekana mwaka mzima, lakini kuigusa lazima ufike ukingoni mwa kreta, lile shimo la volkano kileleni. Theluji mpya ndiyo inayoweza kukufuata chini, na ndiyo inayotegemea mvua.

Utabiri wa Kibo unausomaje? Kwanza, ukifungua simu ukaandika Moshi, utapewa hali ya hewa ya mji ulio chini ya mita 1,000. Haikusaidii. Tafuta utabiri uliotengwa kwa urefu, ule unaokuonyesha kilele, katikati na chini. Angalia mstari wa sifuri umeandikwa mita ngapi. Ukishuka hadi 4,300 na mvua imeandikwa, basi eneo la kati ya Horombo na kibanda cha Kibo linaweza kupata theluji. Kisha angalia kiasi cha mvua: kwa kukadiria, milimita 1 ya maji hutoa kama sentimita 1 ya theluji mbichi. Milimita 10 kwa usiku mmoja ni theluji ya kuzama hadi kifundo cha mguu.

Ila usitegemee tarakimu kubwa kileleni. Mvua nyingi ya Kilimanjaro hunywewa na ukanda wa msitu upande wa kusini. Kileleni hufika masalia. Na theluji ya Kibo ina adui wa ajabu: jua kali na hewa kavu huigeuza mvuke bila hata kuwa maji kwanza. Nimeona Kibo kimejaa weupe asubuhi ya Jumatatu, na Alhamisi miamba imetokeza tena, wala kijito hakikuongezeka.

Utabiri wa siku tatu ninauamini kiasi. Wa siku saba, kwa mlima unaojitengenezea mawingu yake mwenyewe, nauchukua kama fununu. Kwa anayepanga mapema, tazamio la msimu linalotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania lina maana kuliko tarakimu za siku kumi mbele. Likisema vuli itakuwa juu ya wastani, na Bahari ya Hindi upande wetu imepata joto kuliko upande wa Indonesia, basi mawingu yatakuwa mazito. Miaka ya 1997 na 2019 vuli ilikuwa hivyo, na mvua ya namna hiyo ikifika juu ya mstari wa sifuri haina namna nyingine ya kushuka ila kuwa theluji.

Kwa saa za siku, kumbuka asubuhi ni safi na mchana ni mawingu. Mlima huvuta ukungu kuanzia saa nne au saa tano, ukajifunika. Anayetaka kuiona tu, bila kupanda, alale Moshi au Marangu, aamke saa kumi na mbili kasoro, siku moja au mbili baada ya mvua kubwa ya Novemba, Desemba au Mei. Kutoka Tanga ni safari ya siku moja kwa basi kupitia Segera, Korogwe na Same, unashuka Himo. Kwa macho hakuna weupe ulio karibu nasi kuliko huo, na hauhitaji pasipoti.

Kupanda nako ni gharama: mwongozaji mwenye leseni ni lazima, kuna wagumu wa kubeba mizigo, chakula, na vifaa vya kukodi Moshi. Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu mno kulinganisha na cha mgeni, na hilo peke yake linafanya Kibo kiwe rahisi kwetu kuliko kwa mgeni wa kutoka ng'ambo. Lakini hakuna kuteleza. Hakuna lifti, hakuna mteremko uliotengenezwa. Na hewa nyembamba haijali umri wala nguvu. Siku ya ziada ya kupumzika Horombo usiikate ili kuokoa pesa.

Afriski: usitafute theluji kwenye utabiri, tafuta usiku mkavu

Hapa ndipo mtoto wa kaka yangu alipokosea kusoma, na ni kosa la kawaida. Alifungua utabiri wa Julai ukaonyesha jua kila siku, akasema, "Shangazi, hakuna theluji." Ipo. Sehemu kubwa ya theluji ya Afriski hutengenezwa. Maji hurushwa kwa mashine hewani kwa matone madogo sana, na hewa ikiwa baridi na kavu matone huganda kabla ya kufika ardhini. Wanachohitaji wale jamaa ni usiku wa chini ya sifuri, usio na unyevu mwingi. Jua la mchana si tatizo kubwa kama usiku ni wa kuganda.

Ndiyo maana picha za kule zina sura ya kushangaza: utepe mweupe, kama kilomita moja, umeshuka katikati ya majani makavu ya rangi ya kahawia. Anayetaka kuteleza, utepe huo unamtosha kabisa. Kuna mteremko wa wanaoanza, kuna walimu, kuna viatu na mbao za kukodi, kuna lifti ya kukuvuta juu. Msimu ni Juni hadi mwisho wa Agosti, na kwa ninavyoelewa hali ya hewa ya huko, Julai ndiyo salama zaidi: baridi imekwisha kukomaa na mashine zimepata usiku wa kutosha kurundika theluji.

Theluji ya mbinguni nayo huja, lakini kwa bahati. Huletwa na mawimbi ya hewa baridi yanayopanda kutoka bahari ya kusini. Wimbi likija, utabiri hulionyesha siku tatu au nne kabla: joto linaanguka ghafla, upepo unageuka, mawingu yanaingia. Milima yote ya Maluti hugeuka nyeupe kwa siku chache. Na hapo hapo barabara inakuwa hatari. Kutoka Johannesburg ni mwendo wa saa tano hivi kwa gari, na kipande cha mwisho hupanda kwenye kona za Moteng, zaidi ya mita 2,800. Kona za Mombo kwenda Lushoto zikiwa kavu zinatutoa jasho. Zifikirie hizo zikiwa zimeganda. Usiendeshe mwenyewe siku ya theluji kama hujawahi.

Kwa pesa, Afriski ni ndege hadi Johannesburg, gari, malazi ya msimu wa watu wengi, na malipo ya kuteleza kwa siku. Nenda katikati ya wiki, kwa sababu Jumamosi na Jumapili hujaa wageni kutoka Afrika Kusini na mtu anayeanza hujifunza vibaya kwenye msongamano. Mambo ya viza na chanjo yaulizwe ubalozini mapema. Na mita 3,222 zinaumiza kichwa mtu aliyetoka usawa wa bahari jana yake. Siku ya kwanza kunywa maji, tembea taratibu, teleza kesho.

Atlas, kwa ufupi

Oukaïmeden, sehemu ya kutelezea kwenye milima ya Atlas, iko Morocco, mwendo wa kama kilomita 80 kutoka Marrakesh, kijiji chake kwenye mita 2,600 na miteremko inayopanda zaidi ya 3,200. Msimu ni Desemba hadi Machi. Huko theluji ni ya mbinguni, haina mashine za kuitegemeza, hivyo inahitaji mambo mawili yakutane: baridi ya majira na dhoruba kutoka Atlantiki. Baridi haikosekani. Mji wa Ifrane, nchini humo humo, ndio wenye rekodi ya baridi kuliko yote iliyopimwa Afrika, nyuzi 23.9 chini ya sifuri, Februari 1935. Dhoruba ndizo zinazokosekana, na mwaka wa ukame huacha miteremko mitupu.

Kwa sababu hiyo simshauri mtu atoke Tanga kwa ajili ya Oukaïmeden peke yake. Kama una safari nyingine ya Morocco mwezi wa Januari au Februari, acha siku tatu wazi, angalia utabiri wa siku chache mbele, na mvua ikionyesha juu ya Atlas na mstari wa sifuri uko chini ya mita 2,500, panda. Ikionyesha jua wiki nzima baada ya mwezi mkavu, baki mjini.

Na Lushoto?

Lushoto ni baridi, si theluji. Wazazi wengi huniambia wanataka watoto "waone majira ya baridi", na kwa hilo Lushoto ya Julai inatosha: ukungu wa Magamba asubuhi, mvuke unatoka mdomoni, blanketi mbili usiku. Lakini watoto wasiambiwe wataona theluji. Milima ya Usambara haifiki hata mita 2,400.

Nani aende wapi

Kama una likizo ya Juni au Julai na unataka kuteleza, Afriski, mwezi wa Julai, hata utabiri ukionyesha jua. Kama ni Juni na unataka kuona tu, nenda Marangu wiki ya kwanza, weupe wa masika ukiwa bado haujaliwa na jua. Ukisubiri mwisho wa Julai unaweza kukuta kama tulivyokuta sisi.

Kama likizo yako ni Desemba na unataka kushika, Kibo. Chukua njia ya Marangu yenye vibanda, kwa sababu mvua ya vuli ndani ya hema inavunja moyo haraka. Panga usiku miwili Horombo, na ile siku ya katikati panda kuelekea uwanda ulio kati ya Kibo na Mawenzi, juu ya mita 4,300. Hapo ndipo mtu wa kawaida, asiyelenga kilele, ana nafasi nzuri ya kuikuta theluji ya usiku kabla jua halijaifikia. Nafasi nzuri, nasema. Mtu akikwambia "hakika", mwulize ameangalia mstari wa sifuri uko mita ngapi. Akishindwa kujibu, mtafute mwingine.

Kwa anayetaka theluji na kilele kwa pamoja, na njia isiyo na matope mengi, mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari napenda kuliko miezi yote. Vuli imeacha akiba yake, kaskazi imesafisha anga. Shule ziko wazi wakati huo, kwa hiyo ni mwezi wa watu wazima.

Nguo, neno moja: nenda mtumbani. Makoti mazito hapa Tanga huuzwa bei ya kutupa, kwa kuwa hakuna anayeyahitaji, na mengine ni mazuri kuliko ya kukodi. Acha fulana za pamba. Zikilowa jasho hazikauki, na baridi huingia kupitia hapo.

Mtoto wa kaka yangu kachagua Afriski, Julai, na ameanza kuweka akiba. Mimi na wale wanafunzi wanne tunarudi Horombo Desemba. Kijana wa Makorora aliniuliza kama chupa ile itahifadhi theluji siku mbili za kushuka na siku moja ya basi. Nikamwambia ukweli kwamba haitafika, itakuwa maji kabla ya Korogwe. Akaenda kumwambia bibi yake. Jioni bibi akanipigia simu mwenyewe.

"Mwalimu, mwambie alete hayo hayo maji. Nataka kuyaonja tu."